Tuokoe Nota za Nyimbo za Zamani



Ukitafuta nota mtandaoni, mara nyingi unaletewa video au maneno matupu. Mimi huanzia Swahili Music Notes, tovuti yenye nota nyingi za nyimbo zetu za Kikatoliki. Tafuta kwa jina la mtunzi au mstari wa kwanza, kisha hakikisha sauti zote nne zipo.

Usipopata, mwendee mwalimu wa kwaya mzee. Kwetu Maguu, wimbo mwingine upo kwenye daftari lake tu. Omba ruhusa, piga picha kila ukurasa, jina la mtunzi lionekane. Sacrosanctum Concilium (1963), namba 114, inaagiza hazina ya muziki mtakatifu itunzwe na kukuzwa. Mchwa wakila daftari, wimbo umekwenda.

Wiki hii, kila mmoja aokoe wimbo mmoja. Mungu awabariki.