Kifundo Kinalipa Madeni ya Wengine: Mbinu za Kutumia Mausi Bila Maumivu

Jumamosi moja nilikuwa nakamua tui la wali. Mkono wa kushoto ulikamua kama kawaida. Wa kulia ulikamua mara mbili, ukaachia. Maumivu yalianzia juu ya kifundo yakapanda hadi karibu na kiwiko. Sikuwa nimeanguka wala kubeba kitu kizito. Wiki nzima nilikuwa nimekaa steshenari kwangu nikitengeneza kadi za michango ya harusi na kunyoosha majedwali ya tasnifu za wanachuo. Kazi ya kukaa, tena kivulini.

Nikafanya wafanyavyo wengi: nikajichua dawa, nikafunga bendeji, nikanunua kimto cha jeli cha kuegemezea mkono. Jumatatu nikarudi kwenye kiti kilekile na meza ileile. Wiki tatu baadaye nilikuwa na kimto kizuri na maumivu yaleyale. Hapo ndipo nilipoanza kuangalia mengine: kiwiko kiko wapi, bega linafanya nini, meza ina kimo gani. Kumbe kifundo kilikuwa kinalipa madeni ya wengine.

Kinachouma ni nini

Misuli mikubwa inayokunja na kuinua vidole haimo vidoleni. Imelala kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na kutoka hapo kano zake ndefu hupita kifundoni kama kamba hadi kwenye vidole. Jaribu sasa hivi. Laza mkono wa kulia mezani, kiganja chini. Kwa mkono wa kushoto shika kigasha hicho upande wa juu, chini kidogo ya kiwiko. Sasa inua kidole cha shahada peke yake, ukishikilie hewani. Utahisi msuli ukikakamaa chini ya vidole vyako.

Hicho ndicho unachokifanya kila unapokining'iniza kidole juu ya kitufe cha mausi ukisubiri kubofya. Dakika moja haina neno. Kutwa nzima, siku sita kwa wiki, msuli unachoka na kano zinaanza kuuma.

Upande wa kiganja, pale kifundoni, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa midogo na kufunikwa na utepe mgumu. Humo hupita kano tisa pamoja na neva moja, inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kifundo kikikunjika sana kwenda juu au chini, shinikizo ndani ya njia hiyo huongezeka, na neva ndiyo inayoumia. Kwa hiyo mbinu zote zinazofuata zina shabaha moja: kifundo kinyooke, na kazi ya kusogeza mausi ifanywe na mkono mzima.

1. Anza na kiti

Kaa, legeza mabega, acha mikono ining'inie. Kisha kunja viwiko mpaka vigasha vilale sambamba na sakafu. Viganja vyako vilipofikia ndipo mausi inapotakiwa kuwa: usawa wa kiwiko, au chini yake kidogo.

Meza ikiwa juu zaidi ya hapo, bega litapanda na kifundo kitakunjika kufuata mausi, huku ukingo wa meza ukikibana kwa chini. Viti vya plastiki tulivyozoea mara nyingi ni vifupi kwa meza zetu. Dawa yake ni rahisi: pachika viti viwili kimoja juu ya kingine, au kalia mto mgumu. Miguu ikianza kuning'inia, iwekee rimu za karatasi. Rimu moja ya A4 ina unene wa karibu sentimita 5, basi unajua kabisa unaongeza kiasi gani.

Kama unatumia laptopu kutwa, rimu hizohizo ziweke chini yake mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike karibu na usawa wa macho, kisha chomeka kibodi na mausi za pembeni. Shingo inayoinama inavuta bega, na bega linavuta mkono.

2. Ichunguze ile droo ya kibodi

Meza nyingi za kompyuta zina kibao cha kuvuta, na kibodi hukaa humo. Kibao chenyewe ni chembamba, kibodi inakijaza chote, basi mausi inabaki juu mezani pembeni ya skrini. Mkono wa kushoto uko chini karibu na tumbo, wa kulia umenyooshwa mbele na juu kama mtu anayeomba kuuliza swali darasani. Bega linashikilia uzito huo saa nane kwa siku.

Hiyo ndiyo iliyokuwa meza yangu. Nilitoa kibodi kwenye droo nikaiweka juu pamoja na mausi, nikaongeza kimo cha kiti, nikaisukuma droo ndani. Asiyeweza kuongeza kimo cha kiti anaweza kufanya kinyume chake: akate kipande cha mbao kipana kuliko kibao, akifunge juu yake kwa skurubu, kibodi na mausi zikae pamoja huko chini. Muhimu zikae usawa mmoja, bega kwa bega.

3. Rula nzima upande wa kulia

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulioni. Chukua kibodi kubwa ya kawaida, ile yenye tarakimu upande wa kulia. Ukiandika, mwili wako unaelekea kwenye G na H. Kutoka hapo hadi ukingo wa kulia wa kibodi ni karibu sentimita 30, urefu wa rula nzima ya shule. Mausi inaanzia baada ya hapo. Kuifuata, mkono unafunguka nje na kifundo kinapinda kuelekea upande wa kidole kidogo.

Una njia tatu. Ya kwanza, usiiweke kibodi katikati ya meza kwa kuipima ncha hadi ncha. Isogeze hadi mpaka wa G na H uelekee kitovu chako. Ya pili, kama hutumii zile tarakimu za pembeni, nunua kibodi fupi isiyokuwa nazo. Ya tatu haina gharama: unapofanya kazi ya mausi tupu, kama kupanga picha kwenye kadi, sukuma kibodi kushoto na uilete mausi mbele ya bega lako.

Mausi ya waya itazame waya wake pia. Ukikwama nyuma ya meza, kila msogeo unakuwa kama kuvuta mbuzi aliyegoma. Ufungue, uache ukiwa umelegea.

4. Iguse mausi kama kichwa cha mtoto

Mtoto akikuamkia, unauweka mkono kichwani mwake, humkabi. Ishike mausi vivyo hivyo. Kiganja kiilalie, vidole vipumzike juu ya vitufe hata wakati hubofyi. Kitufe hakibonyezwi na uzito wa kidole kilicholegea, kwa hiyo usiogope.

Isogeze kwa kiwiko na bega. Ukiona kigasha kimetulia mezani na kiganja kinapepea huku na huko kama kifuta kioo cha gari, unakichosha kifundo bure. Kile kimto cha jeli nacho kina mahali pake: pumzikia hapo unaposoma, tena uegemeze kitako cha kiganja, si kifundo chenyewe. Ukikiegemea huku unasogeza mausi, unaifinya ileile njia ya neva.

5. Rekebisha mshale

Fungua mipangilio ya mausi kwenye kompyuta, tafuta kasi ya mshale. Kisha jipime: mshale utoke kona moja ya skrini hadi kona ya pili kwa msogeo mmoja, bila kuinua mausi mezani. Ukilazimika kuiinua, kasi ni ndogo. Ukiwa unapitiliza kila kitufe unachokilenga na mkono unakakamaa ili kuudhibiti mshale, kasi ni kubwa mno.

Mshale unaorukaruka nao unaumiza, maana unaikaba mausi bila kujua. Mara nyingi kosa ni la meza: mausi ya mwanga haisomi vizuri juu ya kioo wala juu ya mbao inayong'aa. Jalada la daftari la zamani au karatasi nene inatosha kuwa mkeka. Na lile vumbi lililogandamana chini ya mausi likwangue kwa kijiti cha meno.

6. Ipe kibodi kazi yake

Kila amri unayoipeleka kwenye kibodi ni safari moja uliyoupunguzia mkono wa kulia. Ctrl+C, Ctrl+V, Ctrl+Z na Ctrl+S pengine unazijua. Ongeza hizi:

- Alt+Tab kuhama kutoka programu moja hadi nyingine.
- Ctrl na vishale kuruka neno zima kwenye Word, au kwenda mwisho wa data kwenye Excel.
- F2 kuingia ndani ya kisanduku cha Excel bila kubofya mara mbili.
- Ctrl+P kuchapa.

Kubwa kuliko zote kwangu ni hii: unapotaka kuchagua aya ndefu, usiburute mausi huku umeshikilia kitufe. Bofya mwanzoni, shikilia Shift kwa mkono wa kushoto, bofya mwishoni. Maandishi yote ya katikati yanachaguliwa. Kuburuta huku umebonyeza ndiyo kazi nzito kuliko zote za mausi, na kwenye tasnifu ya kurasa 120 unaifanya mara nyingi sana.

7. Pumzika kwa kengele iliyopo

Watu huambiwa wapumzike kila nusu saa, na hakuna anayekumbuka. Mimi nimefunga mapumziko yangu kwenye mambo yanayotokea yenyewe. Printa ikianza kuunguruma, mkono unatoka kwenye mausi na kuning'inia. Mteja akisubiri ujumbe wa malipo kwenye simu, nafungua na kufumba vidole mara kumi. Faili likichelewa kufunguka, nanyanyuka. Tafuta kengele za kazi yako. Mhasibu ana zake, mwandishi ana zake.

Mara mbili au tatu kwa siku, nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, na kwa mkono wa pili ukivute kiganja taratibu kuelekea kwako kwa sekunde 15. Kisha geuza kiganja kitazame juu, vuta vidole kuelekea chini. Uhisi mvuto, si maumivu. Ganzi ikianza, acha.

Na kupumzika kwa kuperuzi simu si kupumzika. Unaitoa kazi kwenye kidole cha shahada na kukibebesha kidole gumba.

8. Mkono wa kushoto, na matumizi ya pesa

Kuhamishia mausi kushoto kunachekesha siku ya kwanza na kuudhi siku ya pili. Anza na kazi za kipole, kama kusoma na kujibu barua pepe. Faida yake ni kwamba upande wa kushoto hakuna tarakimu, hivyo mausi inakaa karibu zaidi na mwili. Mpangilio wa vitufe unaweza kuugeuza kwenye kompyuta, ingawa wengine huacha ulivyo.

Ukitaka kununua, tazama kwanza ukubwa. Zile mausi ndogo za kubebea safarini zinawalazimisha wenye viganja vikubwa kukunja vidole kama kucha za paka. Mausi ya wima, inayoshikwa kama unapeana mkono na mtu, inakisaidia kigasha kisijisokote, na wengi huipenda. Lakini ukiiweka kwenye ile meza ya droo, bega litaendelea kuning'inia hewani. Panga meza kwanza, nunua baadaye.

Wakati wa kumwona daktari

Uchovu wa kawaida wa misuli hupungua siku chache baada ya kupunguza kazi na kurekebisha meza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 hutuliza. Usijizoeshe kumeza dawa za maumivu ili uendelee kubofya.

Nenda hospitali ukiona ganzi au kuchomachoma kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa kama inakuamsha usiku ukakung'uta mkono. Ukianza kuangusha vikombe. Au ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua. Mtaalamu anaweza kukupa kifaa cha kunyoosha kifundo unapolala, na kadiri unavyowahi ndivyo neva inavyopona kirahisi. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye tatizo la tezi ya shingo au baridi yabisi asingoje, maana hali hizo nazo huleta ganzi hiyohiyo. Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo, mwambie daktari akiangalie kiwiko. Huenda unakiegemeza mno kwenye ukingo wa meza. Na kifundo kilichovimba, chenye joto na wekundu si habari ya mausi tena: nenda siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi

Usijaribu yote kwa mkupuo. Kesho, kabla hujawasha kompyuta, kaa na ukunje viwiko uone meza iko wapi. Rekebisha kiti. Zilete kibodi na mausi usawa mmoja, G na H zikuelekee. Keshokutwa shughulikia kasi ya mshale. Wiki ijayo jifunze ile mbinu ya Shift.

Mkono wangu haukupona kwa siku moja. Ulichukua karibu miezi miwili, na wiki nikiwa na tasnifu nyingi bado unanikumbusha. Ukinikumbusha, siendi tena kutafuta bendeji. Natazama kwanza droo: mara nyingi kijana ninayesaidiana naye amekwisha kuirudisha kibodi humo.