Elimu kwa Mfugaji: Rangi ya Kifaranga Haitoshi Kumtaja Baba

Katika vijiji vya Umatengo na vile vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, kuku wengi wa asili hutembea huru mchana kutwa. Jogoo wa jirani huingia uani bila hodi, na tetea mmoja hutaga katika kiota cha mwenzake. Vifaranga wanapoanguliwa wakiwa na rangi tofauti, maswali huanza: ni mbegu ya nani? Swali hilo si la mzaha. Mfugaji aliyenunua jogoo kwa gharama hutaka kujua kama fedha yake imeleta faida, na mnunuzi wa vifaranga hutaka kujua kama anauziwa kile anachoambiwa.

Rangi hurithiwaje?

Kifaranga hupokea vinasaba kutoka kwa baba na mama. Baadhi ya vinasaba hujionesha hata vikitoka kwa mzazi mmoja tu. Vingine hujificha mpaka vitoke kwa wazazi wote wawili. Weusi wa mwili mzima kwa kawaida huishinda rangi nyekundu. Kwa hiyo jogoo mweusi wa ukoo safi akipanda matetea wekundu, vifaranga wake wengi huwa weusi.

Weupe upo wa aina zaidi ya moja. Upo unaofunika rangi nyingine, na upo unaojificha. Jogoo mweusi na tetea mwekundu, wote wakibeba weupe wa kujificha, wanaweza kupata kifaranga mweupe, kwa wastani mmoja kati ya wanne. Kifaranga huyo si sababu ya kumlaumu jirani mwenye jogoo mweupe.

Dalili zenye uzito zaidi

Ya kwanza ni shingo isiyo na manyoya. Kuku kishingo lazima awe na angalau mzazi mmoja kishingo, kwa kuwa sifa hiyo haijifichi.

Ya pili ni milia myeupe inayokatiza manyoya meusi, kama ya kuku aina ya Plymouth Rock. Kinasaba cha milia hiyo hufuata jinsia: mama huwapa watoto wake madume tu. Tetea mwenye milia ya namna hiyo, basi, ameirithi kwa baba, hata kama mama yake anayo. Jogoo mweupe asisahauliwe katika hesabu hiyo, kwani weupe wake unaweza kuificha milia anayoibeba.

Jogoo aliyeondoka bado ana watoto

Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake kwa wiki mbili, pengine tatu. Mayai anayotaga baada ya jogoo wa zamani kuchinjwa yanaweza kuwa bado ya jogoo huyo, na vifaranga wa kiota kimoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Tahadhari sokoni

Ng'ambo ya ziwa, Serikali ya Malawi imesambaza kuku weusi aina ya Black Australorp kwa wafugaji wa vijijini kwa miongo mingi. Hata hivyo, weusi peke yake hauthibitishi ukoo, kwa kuwa mtoto wa jogoo huyo na tetea wa kienyeji naye anaweza kuwa mweusi. Tofauti hujitokeza kwa wajukuu. Vivyo hivyo, Kuroiler wenye asili ya India na Sasso wa Ufaransa ni chotara; vifaranga wanaozaliwa nao hawafanani wote na wazazi kwa rangi, ukuaji wala utagaji. Mnunuzi aulize kumbukumbu za wazazi kabla ya kutoa fedha.

Hatua za kufuata

1. Mfugaji atenge matetea wanane hadi kumi pamoja na jogoo mmoja katika banda au uzio.
2. Majogoo wengine wakishaondolewa, asubiri siku 21 ndipo aanze kukusanya mayai ya kuatamiwa. Mayai ya kipindi hicho yatumike kwa chakula.
3. Aandike kwa penseli tarehe na alama ya tetea juu ya kila yai, ili yai la kuku mwingine litambulike.
4. Vifaranga wavishwe alama mguuni, nayo ilegezwe kadiri wanavyokua.
5. Jogoo abadilishwe kabla hajaanza kupanda mabinti zake, kwa kuwa uzazi wa ndugu kwa ndugu hudhoofisha vifaranga.
6. Jogoo mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, na chanjo ya mdondo irudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Daftari la senti chache huokoa fedha nyingi na hulinda ujirani. Mfugaji anayehitaji maelekezo zaidi anashauriwa kumwona Afisa Mifugo wa kata yake.