Mzabibu wa Garnacha na Nchi Yetu

Ukitaja zabibu huku Mkokoni, mtu hufikiri zile kavu zitiwazo katika pilau. Mti wenyewe ni wachache waliouona, na wanaotaka kuupanda hudhani mzabibu ni mzabibu tu. Sivyo. Iko ya namna nyingi, na kila namna ina nchi yake.

Tazama namna mbili za Hispania, zote nyeusi, zote za divai. Tempranillo imepata jina kwa neno la Kihispania lenye maana ya "mapema", kwa sababu huwahi kuiva. Hiyo hupenda usiku wa baridi, nasi hatunao. Garnacha huchelewa kuiva, lakini huvumilia jua, ukame na upepo, maana mti wake ni mgumu na matawi yake husimama wima. Tunda lake lina ganda jembamba na sukari nyingi. Asiyekunywa divai aweza kulila, au kukamua maji yake, ingawa lina kokwa.

Upepo tunao, wa kaskazi na wa kusi. Hata hivyo usifanye haraka. Kule Hispania baridi ndiyo inayoulaza mzabibu, ukapumzika kabla ya kuchipua tena. Kwetu usipopogolewa huzidi majani tu, matunda yakawa haba. Wakulima wa Dodoma, Tanzania, hawana baridi ya namna hiyo. Wao huulaza kwa mkasi, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Tangu kupogoa hata kuvuna ni kama miezi minne. Basi hesabu mwenyewe: ukipogoa mwisho wa Septemba, zabibu zitaiva karibu na mwisho wa Januari, wakati wa ukavu. Zikikutwa na mvua ya Mei zitapasuka na kuoza mtini, hasa hizi zenye ganda jembamba.

Kubwa zaidi ni chumvi. Onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi, usiyamwagie mzabibu, kwani majani yataungua kingoni. Maji ya jabia yafaa, lakini hayo ni ya watu kwanza. Kwa hiyo mimi nasema panda miti miwili tu, nyuma ya nyumba, mahali pasipopigwa na upepo wa bahari, uitengenezee chanja.

Vijiti vya kupanda visitiwe katika mzigo wa msafiri atokaye ng'ambo. Kuingiza mmea nchini kwahitaji kibali cha KEPHIS, maana kijiti kimoja kigonjwa chaweza kuleta maradhi tusiyokuwa nayo. Mwone bwana shamba kwanza.