Kunoa na Kutunza Kisu cha Mashine ya Kukatia Majani ya Ng'ombe

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwa mfugaji neno hilo lina maana ya pili: mwenye kisu kikali ndiye ambaye ng'ombe wake watapata chakula wakati wa kiangazi. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kudumu hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, ambapo misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, uliua ng'ombe, mbuzi na ngamia wengi mno katika Kenya, hasa upande wa kaskazini na mashariki. Katika shida ya namna hiyo ghala lililojaa majani makavu ni hazina kuu, kwa kuwa majani yakiisha kila mahali, hata mwenye fedha hana pa kuyanunua.

Lakini majani makavu hutengenezwa katika siku chache tu. Katika nyanda za juu, kama vile Nyandarua, Nakuru na Uasin Gishu, nyasi za Rhodes zafaa kukatwa zinapoanza kutoa maua, kisha zipate siku 2 au 3 za jua kali kabla ya kufungwa marobota. Zikichelewa kukatwa, mashina huwa magumu na chakula kilichomo hupungua. Zikikatwa kisha zikanyeshewa, huoza. Kwa hiyo mashine ikisimama siku 1 katika wiki ya jua, hasara yake yaweza kuonekana katika ndoo ya maziwa miezi 6 baadaye.

Mashine inayoelezwa hapa ni ile yenye upau mrefu wa meno, ibebwayo au ivutwayo na trekta, au ile ndogo yenye injini yake ambayo mtu huiongoza kwa mikono. Ziko pia mashine za visu vinavyozunguka kwa kasi, nazo zina matunzo yake. Ile ya meno ina faida kwamba hukata sawasawa, haitaki nguvu nyingi za injini, wala hairushi mawe mbali.

JINSI MASHINE INAVYOKATA

Watu wengi hudhani kwamba kisu cha mashine hii hukata kama panga. Sivyo, hukata kama mkasi. Patrick Bell wa Scotland, aliyetengeneza mashine ya kuvunia mnamo mwaka 1828, alipanga mikasi mingi katika mstari mmoja. Obed Hussey wa Marekani alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1833 kwa mashine yenye meno ya pembetatu yaendayo na kurudi kati ya vidole vya chuma, na mpango huo ndio unaotumika hata leo.

Kisu chenyewe ni ufito wa chuma ambao juu yake yamefungwa meno kwa ribiti. Katika mashine nyingi kila jino lina upana wa inchi 3, na upau wa futi 5 huwa na meno 20 hivi. Meno hayo hupita ndani ya vidole vilivyofungwa katika upau. Ndani ya kila kidole kuna bamba dogo la chuma kigumu lenye makali. Jino ni upande mmoja wa mkasi, na bamba la kidole ni upande wa pili. Juu ya kisu kuna vibanio vinavyokishika chini ili kisiinuke.

Mkasi ulionolewa upande mmoja tu, au uliolegea katikati, hautakata nguo bali utaikunja. Vivyo hivyo, anayenoa meno peke yake na kusahau vidole na vibanio atapoteza bidii yake.

DALILI ZA KISU KIBUTU

Kisu kizuri huacha mabua yaliyokatwa sawa kama kwa wembe. Kisu kibutu huyararua, na ncha za mabua huonekana zimechanika na baadaye hugeuka rangi ya kahawia. Mimea michanga hung'olewa pamoja na mizizi, na shamba huchelewa kuchipua tena. Injini hulalamika, upau hutetemeka, na majani hujikusanya mbele ya vidole hata mwendeshaji hulazimika kusimama mara kwa mara. Kusimama huko ndiko kuletako hatari, kwa sababu mtu aliyechoka hushawishika kuyatoa majani kwa mkono huku mashine ikiwaka.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kuugusa upau, mwendeshaji hana budi kuondoa gia ya kuzungushia mashine, kuzima injini na kutoa ufunguo. Kisu huweza kusogea ghafla hata kinaposukumwa kidogo tu, na kidole cha mtu hakina nguvu kuliko bua la nyasi. Glavu nene za ngozi zivaliwe. Kisu kikitolewa, kibebwe na watu 2, au kiwekwe ndani ya ubao uliochimbwa mfereji ili meno yafichike. Watoto wasikaribie shamba wala karakana wakati wa kazi hii.

KUNOA MENO

Kwanza kisu husafishwa utomvu na udongo kwa maji na brashi, kisha hukaushwa na kukaguliwa jino kwa jino. Jino lililovunjika, lililopinda au lililolegea huwekwa alama kwa chaki. Jino jipya lina ncha iliyo bapa kidogo. Likisha kunolewa mara nyingi hata ncha yake imechongoka kama msumari, jino hilo limemaliza kazi yake na yafaa libadilishwe.

Meno laini hunolewa upande wa juu tu, pale penye mteremko wa makali. Upande wa chini, unaopita juu ya bamba la kidole, hauna budi kubaki bapa kabisa. Anayeutia mteremko upande wa chini huacha nafasi kati ya jino na bamba, na majani hukunjika katika nafasi hiyo badala ya kukatika. Meno yenye mikwaruzo kama ya msumeno upande wa juu hayanolewi, bali hubadilishwa yanapochakaa.

Kwa tupa, kisu hubanwa katika jiliwa na tupa husukumwa kwa kuufuata mteremko wa zamani. Ni vizuri kuhesabu: kama jino la kwanza limepigwa tupa mara 10 kila upande, na mengine yapigwe hivyo hivyo, ili yote yabaki sawa. Kwa jiwe la umeme kazi huenda haraka, lakini hatari yake ni joto. Jino liguswe jiwe kwa wepesi na kwa muda mfupi, kisha lipozwe kwa maji. Likigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha kupotea mahali hapo, na makali yake hayatadumu. Anayetumia jiwe la umeme avae miwani ya kukinga macho.

Mwisho, kinoo hulazwa bapa chini ya jino na kupitishwa mara 1 au 2 ili kuondoa vinyweleo vya chuma vilivyobaki ukingoni.

KUBADILISHA JINO

Uti wa kisu huwekwa juu ya taya za jiliwa zilizoachwa wazi kidogo, jino likining'inia chini katikati yake. Ukingo wa nyuma wa jino hupigwa nyundo kwa nguvu mara 1 au 2, na ribiti hukatika. Masalio ya ribiti hutolewa kwa pini ya chuma. Jino jipya hutiwa ribiti mpya, na kichwa cha kila ribiti hupondwa juu ya fuawe mpaka jino lisitikisike hata kidogo. Jino lililolegea hugonga kidole na kuvunjika, na mara nyingi huvunja na la jirani yake.

VIDOLE, VIBANIO NA MPANGILIO

Vidole vyote viwe katika mstari mmoja. Akiangalia kutoka mwisho wa upau, mkulima ataona mara moja kidole kilichopinda juu au chini. Bamba ambalo makali yake yameviringika hubadilishwa. Vibanio viguse kisu kwa wepesi sana, nafasi yake isizidi unene wa kadi ya karatasi. Vikiwa juu mno hugongwa taratibu, na kila baada ya pigo kisu hujaribiwa kwa mkono. Kikikwama, kibanio kimeshuka kupita kiasi.

Kisha gurudumu la mashine huzungushwa polepole kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kisu kifikapo mwisho wa mwendo wake, kila upande, katikati ya jino pawe sawa na katikati ya kidole. Kama sivyo, meno hukata nusu ya kazi, na marekebisho yafanywe kama kitabu cha mashine kinavyoagiza.

Jambo la mwisho husahauliwa na wengi. Mashine ikikata, uzito wa majani huusukuma nyuma mwisho wa nje wa upau. Kwa hiyo mashine ikiwa imesimama, mwisho huo hutangulizwa mbele kidogo kuliko mwisho wa ndani, kiasi cha robo inchi kwa kila futi ya upau. Yaani inchi 1 na robo kwa upau wa futi 5. Ili kupima, kamba huvutwa sambamba na ekseli ya nyuma ya trekta, na umbali kutoka kwenye kamba hadi kisu hupimwa katika ncha zote mbili.

SHAMBANI NA GHALANI

Kinachomaliza makali upesi si majani bali udongo. Kabla ya siku ya kukata, shamba litembelewe kwa miguu, na mawe, vipande vya waya na matawi viondolewe. Vifusi vya fuko visawazishwe, na vichuguu vitiwe alama ya kijiti. Upau ukiwekwa urefu wa inchi 2 hadi 3 kutoka ardhini, meno hayatalima udongo, na nyasi zitachipua upesi.

Mwenye uwezo na awe na visu 2: kimoja kikiwa kazini, cha pili kiwe kimenolewa na kuwekwa tayari ndani ya ubao wake. Cha kwanza kikipoteza makali adhuhuri, hubadilishwa kwa dakika chache badala ya kupoteza mchana mzima wa jua. Msimu ukiisha, kisu husafishwa, hupakwa mafuta au grisi, na kutundikwa mahali pakavu kikiwa kimenyooka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hii yote yaweza kufanywa mvua ikinyesha, wakati ambapo majani bado yanakua na hakuna haraka. Atakayengoja mpaka majani yatoe maua ndipo atafute tupa, atakuta jua halimngojei.