SOMO LA SOKO: Mahindi mabichi, maji na sumu kwenye gunia moja

Mfanyabiashara anayepanda milima ya Upare kutafuta mahindi ya vuli mara nyingi hukuta bei ya kuvutia. Sababu haifichiki. Mavuno hayo hukaribiana na masika, jua huwa la kubahatisha, na mkulima asiye na nafasi ya kutosha kwenye dari juu ya meko huona afadhali auze kabla hayajakauka.

Kabla ya kushangilia bei, mnunuzi apige hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi asilimia 13.5 ambayo ndiyo kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, hubaki na kilo 94.8 tu. Kwa lori la magunia 300 zinayeyuka kilo zaidi ya 1,500. Yaani amenunua magunia 15 ya maji, na nauli ya kuyateremsha hadi Same mjini amelipa.

Hasara hiyo hata hivyo ina nafuu, maana inaonekana kwenye mizani. Nyingine haionekani. Mahindi yenye unyevu yakirundikwa ghalani hupata joto, kuvu huota, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya, 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini.

Wapo wanaodhani mahindi ya tambarare, kwa kuwa yamekaushwa na jua kali, hayana tatizo. Si hivyo. Kuvu huweza kuingia shambani, hasa mmea ukidhoofishwa na ukame, na ukame tambarare ya Same inaujua vizuri. Dawa ya dumuzi nayo huua wadudu, haigusi kuvu. Kupika hakuondoi sumu. Kukoboa kunaipunguza kwenye sembe, lakini sehemu kubwa huhamia kwenye pumba, na pumba huliwa na ng'ombe ambaye huirudisha kwenye maziwa.

Kwa upande wa soko, somo kali lilikuja Machi 5, 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye ililegeza kamba kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa shehena ya tani 30 hiyo ni gramu 0.3, chini ya chumvi ya kuonja mchuzi. Wafanyabiashara wa Same, ambao mpaka wa Holili hauko mbali nao, wana kila sababu ya kuikumbuka tarakimu hiyo.

Kipimo cha awali hakina gharama. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi hadi robo yake, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda uko chini ya hapo, ingawa bado huenda haujafika 13.5, jua la siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, si juu ya udongo, halitapotea bure.

Sumu yenyewe inahitaji maabara, na hapo wengi hukosea kwenye sampuli. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Bambo lichomwe kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, sampuli ichanganywe ndipo ipimwe. Anayepima gunia la mlangoni peke yake amepima gunia la mlangoni.

Mkulima naye ataanza kukausha siku atakapoona mahindi makavu yanapata bei tofauti. Kwa mfano wetu, mnunuzi anayeweza kulipa shilingi 100 kwa kilo yenye unyevu wa asilimia 18 anaweza kulipa shilingi 105 kwa kilo iliyokauka na bado akabaki pale pale.