SOMO LA AFYA: JE, SAA ZA KULA HUPUNGUZA UNENE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila Ramadhani inapokaribia, hutujia darasani swali hili, hasa kutoka kwa mabinti wakubwa: "Ustadhi, nikiacha daku si nitapungua haraka?" Tumeona tulijibu kwa maandishi, maana wapo waliokwisha kujaribu, wakaja darasani wanasinzia na vichwa vinawauma.

1. Mafuta ya mwili hupunguaje?

Nguvu tunayoipata katika chakula hupimwa kwa kalori. Inayozidi matumizi mwili huiweka akiba kama mafuta. Tukila pungufu ya matumizi, mwili huitoa akiba ile. Basi jambo la kwanza ni kiasi, saa hufuata.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022, huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene wa kupindukia walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima. Kundi moja lilikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu, la pili halikuwekewa saa. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 8, la pili kilo 6.3. Watafiti waliona tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kuwa saa ndizo zilizopunguza. Mwaka huohuo, Aberdeen, Uskoti, watu walewale walipokula zaidi asubuhi na walipokula zaidi jioni, kwa jumla ileile ya chakula, walipungua sawa. Ila walipokula zaidi asubuhi walihisi njaa kidogo kuliko walipokula zaidi jioni.

2. Mbona tunafunga na hatupungui?

Hapa Singida saumu yetu ni kama saa 13 na nusu. Wengi wanaofunga hupungua kidogo, kisha uzito hurudi baada ya Idi. Tuangalie mkeka wa futari. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina kalori zipatazo 120, na maandazi, sambusa na kachori zote hunywa mafuta. Kikombe cha uji chenye vijiko vidogo vinne vya sukari kina kalori zaidi ya 60 za sukari peke yake. Vikombe vitatu ni karibu 200. Kisha baada ya Tarawehe tunakula tena! Tulichokiacha mchana tumekirudisha usiku, na ziada juu. Sisi walimu nasi tumo: kanzu ya Idi imewahi kutubana.

3. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.)

Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali. Akizikosa, kwa tende kavu, na akizikosa hizo, kwa maji. Amehimiza tufuturu mapema, na amefundisha kuwa daku lina baraka (Bukhari na Muslim). Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kugawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Kwa hiyo anayeacha daku ili akonde ameikosa baraka, na jioni njaa humfanya ale maradufu.

4. Tufanye nini?

(a) Tufuturu kwa tende au maji, tuswali Magharibi, ndipo tule mlo mmoja: ugali wa mtama au viazi vitamu vya kuchemsha, maharage na mlenda.
(b) Cha kukaanga kiwe kimoja, na sukari ipungue.
(c) Baada ya Tarawehe tunywe maji, tusirudie sahani.
(d) Daku liwe karibu na Alfajiri: uji wa uwele, yai au karanga.
(e) Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari na wanaotumia dawa wamwone daktari kabla ya Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa katika dini. Na mtoto anayekua asifunge kwa ajili ya kukonda.

Tukumbuke, saumu ni ibada na nia yake ni kwa ajili ya Allah (S.W.). Afya ni neema inayofuata.

Maswali ya marejeo

1. Kwa nini mwenye kufunga anaweza kunenepa?
2. Taja hasara mbili za kuacha daku.
3. Pamoja na mama nyumbani, andika futari ya siku moja isiyo na israfu.

Wabillahi tawfiq.