Baba anakula kwa kujificha

Swali: Daktari, baba ana kisukari aina ya pili. Mama humpikia chakula chake peke yake, nasi tunamkemea akigusa soda. Sasa anakula kwa kujificha. Tufanyeje?

Jibu: Acheni kumkemea. Anayekemewa huficha, na kliniki haiwezi kupanga dawa kwa kile isichoambiwa. Sufuria iwe moja: ugali kidogo, mchicha kwa wingi, maharage, samaki, na nyumba nzima mle hivyo. Ninyi wanawe pia mna hatari ya ugonjwa huu. Muulizeni mwenyewe anataka asaidiwe wapi: dawa, matembezi ya jioni, kukagua nyayo.

Ila kama anatumia insulini, jifunzeni dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo mpeni soda yenye sukari upesi. Akizimia msimnyweshe chochote, mkimbizeni hospitali.